Mvinyo wa nyumbani hauongezi damu, na rubisi si dawa ya mtoto

Kuna swali ambalo wagonjwa wangu wanaotoka Ihanda na kata jirani hapa Karagwe wamekuwa wakiniuliza kwa namna mbalimbali. Mmoja anasema: "Daktari, nimepata mche wa mzabibu, nikiupanda nyumbani nikatengeneza mvinyo wangu, si utanisaidia kuongeza damu?" Mwingine anasema: "Mvinyo wa dukani ni ghali. Je, rubisi haiwezi kufanya kazi hiyo hiyo kwa mke wangu mjamzito?" Wa tatu, ambaye huwa ni bibi mwenye mjukuu mgongoni, haulizi. Ananiambia tu kwamba mtoto alikuwa halali usiku, wakampa vijiko viwili vya rubisi, akalala vizuri.

Maswali haya yana mzizi mmoja. Tunaamini kwamba kinywaji kilichotoka shambani kwetu, kikachachuka kwenye chombo chetu, hakiwezi kutudhuru, na kwamba kina faida ya dawa ndani yake. Leo nataka kueleza kwa nini sikubaliani na imani hiyo. Siandiki kuwazuia watu wazima kunywa. Ninawaandikia mama mjamzito, anayenyonyesha, mgonjwa aliye kwenye dawa, na mzazi mwenye watoto wadogo ndani ya nyumba yenye dumu la pombe.

Tuanze na mzabibu wenyewe

Zabibu za Tanzania tunazozijua ni za Dodoma. Kule mvua ni chache, kiangazi ni kirefu, na mkulima hodari huvuna mara mbili kwa mwaka. Karagwe yetu ni tofauti. Tuna misimu miwili ya mvua, asubuhi za ukungu, na ardhi inayopenda migomba na mibuni. Mzabibu unaweza kuota hapa, lakini unyevu mwingi huleta ukungu kwenye majani na vishada. Mwenye mzabibu hulazimika kupuliza dawa mara kwa mara, na hapo ndipo suala la afya linapoanza. Zabibu zilizopuliziwa dawa jana si za kuchumwa leo. Soma maandishi kwenye chupa ya dawa au muulize bwana shamba ni siku ngapi za kusubiri kabla ya kuvuna, kisha osha matunda kwa maji safi.

Kama una mtoto wa chini ya miaka mitano, zingatia na hili. Zabibu nzima ni duara, inateleza, na inatosha kabisa kuziba koo la mtoto mdogo. Ikate kwa urefu vipande vinne ndipo umpe, na akae chini akiwa anakula. Mtoto asile huku anakimbia.

Ukifanya hayo, mzabibu wako ni mti mzuri wa kuwa nao. Tunda lake lina maji, sukari na vitamini kidogo. Mimi nakushauri uupande kwa ajili ya kula.

Je, mvinyo unaongeza damu?

Hapana. Najua imani hii imeenea nchi nzima, kuanzia Dodoma hadi Dar es Salaam hadi kwetu Kagera. Nadhani chanzo chake ni rangi. Mvinyo ni mwekundu na damu ni nyekundu, kwa hiyo tukaona vinafanana hata kwa kazi.

Mwili hutengeneza damu kwa kutumia madini chuma, foliki asidi, vitamini B12 na protini. Glasi moja ya mvinyo mwekundu, yaani mililita 150, ina chini ya miligramu 1 ya madini chuma. Kidonge kimoja cha kuongeza damu anachopewa mama mjamzito kliniki kinatakiwa, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, kuwa na miligramu 30 hadi 60. Maana yake mama angehitaji zaidi ya glasi 30 za mvinyo kwa siku ili apate kilichomo kwenye kidonge kimoja anachopewa na nesi. Isitoshe, ule ukakasi unaousikia mdomoni ukinywa mvinyo mwekundu hushika madini chuma tumboni na kupunguza kiasi kinachoingia mwilini. Chai ya rangi na kahawa hufanya hivyo hivyo zikinywewa pamoja na chakula.

Hasara kubwa ya imani hii ni muda. Mama mwenye upungufu wa damu anakaa mwezi mzima akinywa mvinyo au rubisi na kusubiri nguvu zirudi. Wakati huo malaria inaendelea kula damu yake, au minyoo ya safura inaendelea kunyonya. Anafika leba akiwa na damu chini sana, na mama wa namna hiyo akivuja damu kidogo tu baada ya kujifungua anaweza kupoteza maisha. Kwa mjamzito, damu iliyo chini ya gramu 11 kwa desilita ni pungufu na inahitaji matibabu. Kipimo hiki kinafanyika kliniki. Uliza namba yako na uhakikishe imeandikwa kwenye kadi.

Kinachoongeza damu tunacho hapa hapa. Maharage ya Karagwe, dagaa wa Ziwa Victoria, maini, mchicha na majani ya maboga. Kula maharage yako pamoja na pera, chungwa au nyanya mbichi, kwa sababu vitamini C husaidia madini chuma kuingia mwilini. Sogeza chai na kahawa mbali na mlo kwa saa moja au mbili. Meza vidonge vyako kila siku, hata kama vinakufanya upate choo cheusi. Hiyo ni kawaida. Kunywa dawa za kuzuia malaria unazopewa kliniki, na lala kwenye chandarua.

Rubisi na mvinyo ni ndugu

Watu wengine huniambia, "Daktari, rubisi si pombe kali, ni juisi tu iliyolala." Hebu tuangalie inavyotengenezwa. Ndizi za pombe huivishwa kwa siku kadhaa kwa joto, zikamenywa, zikakamuliwa kwa majani kwenye mtumbwi wa mti, zikachanganywa na maji, kisha ukawekwa mtama uliokaangwa na kusagwa, na mtumbwi ukafunikwa. Chachu iliyopo inakula sukari ya ndizi na kutoa vitu viwili: hewa, ambayo ndiyo povu unaloliona, na kilevi. Kwenye zabibu ni vile vile. Kazi ni moja na kilevi ni kile kile, kinachoitwa ethanoli.

Tofauti ni kiasi. Tuchukue rubisi yenye kilevi asilimia 4. Nusu lita yake ina takriban gramu 16 za kilevi. Glasi ya mililita 150 ya mvinyo wa asilimia 12 ina gramu 14 hivi. Gongo ya asilimia 40, mililita 50 tu, ina gramu 16. Kwa hiyo aliyekunywa lita mbili za rubisi jioni amekunywa sawa na glasi nne kubwa za mvinyo. Ini lake halijui kama kilevi kimetoka kwenye mgomba au kwenye mzabibu.

Pombe ya nyumbani ina tatizo la nyongeza: hakuna anayepima. Rubisi ya leo si ya kesho kutwa, na mvinyo wa nyumbani uliotiwa sukari nyingi unaweza kuwa mkali kuliko wa dukani bila mwenyewe kujua. Ukiufunga kwenye chupa ya kioo kabla haujamaliza kuchachuka, hewa inajaa ndani na chupa inaweza kupasuka na kuumiza macho ya aliye karibu.

Lipo pia suala la usafi. Kilevi cha rubisi ni kidogo mno kuua vijidudu vyote. Kama maji yaliyochanganywa hayakuchemshwa, au mikono na miguu ya wakamuaji haikuoshwa kwa sabuni, homa ya matumbo na kuhara vitamfikia mnywaji. Kupokezana kata na mrija mmoja nako si salama, hasa katika mkoa wetu ambao umepata mlipuko wa ugonjwa wa Marburg mara mbili, mwaka 2023 na mwaka 2025. Kila mtu awe na kikombe chake. Hata sherehe haitaharibika kwa hilo.

Mtoto si mtu mzima mdogo

Hapa ndipo ninapoomba unisikilize kwa makini zaidi. Mtoto wa kilo 10 akipewa nusu glasi ya mvinyo, kwa uzito wake ni sawa na mtu mzima wa kilo 60 kunywa glasi tatu kwa mkupuo mmoja. Lakini hata hesabu hiyo haitoshi. Ini la mtoto lina akiba ndogo ya sukari, na kilevi hulizuia ini kutengeneza sukari mpya. Kama hakula vizuri jioni, sukari ya mtoto inaweza kushuka usiku mpaka akapata degedege au akapoteza fahamu. Mzazi anaona mtoto amelala fofofo na anafurahi. Kumbe mtoto anazama.

Mtoto asiyelala usiku ana sababu. Huenda ana njaa, masikio yanamuuma, ana homa, ana minyoo, au pua zimeziba. Rubisi inaifunika sababu hiyo mpaka inakuwa kubwa. Haitibu minyoo, dawa ya minyoo ipo zahanati. Haitibu surua, kikohozi wala tumbo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mzazi wajibu wa kumlinda mtoto na hatari za mwili, na kumpa mtoto pombe ni hatari ya mwili iliyo wazi.

Watoto wengine hawapewi pombe, wanaikuta. Gongo ni nyeupe kama maji, na majumbani mwetu huwekwa kwenye chupa za plastiki za maji au za soda, mara nyingine mahali pamoja na mafuta ya taa. Mtoto mwenye kiu anarudi kutoka kucheza, anaona chupa ya maji chini ya meza, anakunywa. Kama pombe ipo nyumbani kwako, iweke juu, kwenye chumba kinachofungwa, na usiiweke kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji.

Ukikuta mtoto amekunywa, usimtapishe. Kama yuko macho na anaweza kumeza, mpe maji yenye sukari au uji mtamu. Mfunike apate joto. Kama amelegea, mlaze ubavu ili matapishi yasimzibe, usimpe chochote mdomoni, na umkimbize kituo cha afya au hospitali iliyo karibu, iwe Nyakahanga au kwingineko. Nenda na chupa yenyewe. Usiogope kusema ukweli kwa daktari. Tunahitaji kujua ili tumwokoe mtoto.

Mama mjamzito na anayenyonyesha

Kilevi anachokunywa mama mjamzito kinapita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, ambaye ini lake bado halijawa tayari. Kinaweza kuharibu mimba, kumfanya mtoto azaliwe na uzito mdogo, au kuathiri ubongo wake maisha yake yote, akawa mzito wa kujifunza na mgumu kutulia shuleni. Hatujui kiasi chochote cha pombe kilicho salama kwa mjamzito. Ndiyo maana jibu langu kwa yule mume ni fupi: mke wako asinywe, iwe rubisi au mvinyo, tangu mwezi wa kwanza hadi wa tisa.

Kwa anayenyonyesha, ipo imani kwamba pombe ya ndizi huleta maziwa. Ukweli ni kinyume. Kilevi huzuia homoni inayosukuma maziwa yatoke, na mtoto hupata kidogo kuliko kawaida. Kilevi kilichomo kwenye damu ya mama ndicho kilichomo kwenye maziwa, na kuyakamua hakukiondoi haraka. Ni muda tu unaokiondoa, takriban saa mbili au zaidi kwa kila glasi moja. Kinacholeta maziwa ni mtoto kunyonya mara kwa mara, mama kula vizuri, kunywa maji, uji na mchuzi, na kupata mtu wa kumsaidia kazi za nyumbani.

Walio kwenye dawa

Kama unatibiwa kifua kikuu, dawa zako zinalitegemea ini lile lile linalopambana na pombe. Ukivichanganya unaweza kupata manjano. Kama una kisukari na unatumia insulini au vidonge, pombe inaweza kushusha sukari yako usiku ukiwa umelala. Kama una shinikizo la damu, pombe huipandisha. Kama una kifafa, inaita mtukutiko, hasa ukichanganya na kukosa usingizi.

Lakini naomba unielewe vizuri. Wako wagonjwa ambao siku ya sherehe huacha vidonge vyao ili wanywe, wakidhani wamefanya busara. Hilo ni baya zaidi. Mgonjwa wa TB au wa VVU anayerukaruka dozi hutengeneza usugu wa dawa. Acha pombe, usiache dawa. Na kama umeteleza ukanywa, meza dawa yako kwa saa yake, kisha tueleze ukija kliniki. Hatutakufukuza.

Na wewe unayekunywa kila siku mpaka mikono inatetemeka asubuhi, usiache ghafla peke yako nyumbani. Unaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa. Njoo hospitali tukusaidie kuacha kwa usalama.

Gongo ni jambo jingine kabisa

Kwenye rubisi na mvinyo naweza kumshauri mtu mzima mwenye afya apunguze. Kwenye gongo sina ushauri wa kupunguza, nasema usinywe. Kupika gongo ni kosa kisheria, lakini sababu yangu ni ya kitabibu. Matunda yakichachuka hutoa kiasi kidogo cha methanoli, ndugu mbaya wa ethanoli, na wakati wa kukusanya mvuke methanoli inaweza kujilimbikiza kwenye matone ya kwanza. Mbaya zaidi, wapo wauzaji wanaoongeza kemikali za viwandani ili kinywaji kiwe kikali. Mwaka 2010, watu wapatao 80 walikufa wilaya ya Kabale, Uganda, si mbali na mpaka wetu, baada ya kunywa waragi yenye methanoli. Kenya ilizika watu wengi kwa sababu hiyo hiyo mwaka 2014, na tena Kirinyaga mwaka 2024.

Dalili za methanoli huchelewa, mara nyingi saa 12 hadi 24. Mtu anaonekana amepona ulevi, kisha anaanza kuona ukungu mweupe, tumbo linauma, anatapika, anapumua haraka. Watu husema ni mning'inio wakamwacha alale. Huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, pamoja na wenzake wote waliokunywa naye, hata kama bado hawana dalili. Kuchelewa kunaweza kumpofusha au kumuua.

Mila, ada ya shule, na msimamo wangu

Najua nitaambiwa kwamba rubisi ni mila yetu. Ni kweli. Imesindikiza posa, harusi na misiba, na wazee wengi wameketi kuizunguka na kumaliza ugomvi. Sitaki kuidharau. Najua pia kwamba wako akina mama wanaolipia watoto daftari na sare kwa fedha ya rubisi, na kuwaambia waache bila kuwaonyesha njia nyingine ni kuwatania. Ndizi mbivu zina soko, juisi ya ndizi ambayo haijachachuka ina wanywaji, kahawa ipo, na maharage yapo. Vikundi vya akina mama na maofisa ugani wakae pamoja walizungumze hili.

Lakini mila haikuwahi kusema kwamba pombe ni dawa ya damu, wala kwamba mtoto mchanga anywe ili mama apumzike. Hayo tumeyaongeza sisi, na tunaweza kuyaondoa. Mwaka 2017 nchi yetu ilipiga marufuku pombe ya viroba kwa sababu ilikuwa rahisi mno kumfikia mtoto wa shule. Dumu lililo chini ya meza nyumbani kwako ni rahisi zaidi kulifikia kuliko kiroba, na hakuna askari atakayelisimamia isipokuwa wewe mwenyewe.

Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wala mimba, nakukumbusha tu kwamba pombe imewekwa kwenye kundi la visababishi vya saratani tangu mwaka 1988, na kwamba kadiri unavyokunywa kidogo ndivyo unavyojiweka salama. Uamuzi ni wako. Kwa mtoto, uamuzi si wake. Ni wako pia.

Kwa hiyo ukipata mche wa mzabibu, upande. Zikiiva, kata vipande vinne, mpe mtoto. Na wiki hii, kama kuna mjamzito nyumbani, fungua kadi yake ya kliniki uangalie damu yake ni ngapi. Kama namba haijaandikwa, mpeleke akapimwe.